Uliza Kundi, Usiulize Nyota: Njia ya Kuwafikia Wanamuziki wa Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Kutoka Mtwara hadi Palma, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 70. Palma iko karibu zaidi na Mtwara kuliko ilivyo na Pemba, makao makuu ya mkoa wake wa Cabo Delgado. Hata hivyo mpenzi wa muziki wa upande wetu wa mto Ruvuma atakutajia wanamuziki kumi wa Kinshasa na kumi wa Johannesburg bila kusita, kisha akwame ukimwomba akutajie kundi moja tu la Palma, la Mocímboa da Praia au la kisiwa cha Ibo.

Si kosa lake. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na tangu hapo Unguja, Mombasa na Dar es Salaam zikapata kampuni, redio na wachuuzi wa kuzieneza nyimbo zao. Pwani ya Cabo Delgado haikupata mlango huo. Studio kubwa za Msumbiji ziko Maputo, na kwa barabara Maputo na Pemba zinaachana kwa zaidi ya kilomita 2,400. Kwa hiyo karibu kila anayepiga na kuimba katika pwani hii anajitegemea: ngozi ya ngoma, sare, nauli na chakula cha siku ya kucheza vyote hutoka mifukoni mwa wanakikundi. Muziki umebaki kwa wenyewe, mtaani kwao, na msikilizaji wa mbali anayeutaka lazima awafuate waliko.

Mswahili anayo mali ambayo wasikilizaji wengine wa dunia hawana. Kimwani, lugha ya watu wa visiwa vya Quirimbas na ya miji ya pwani kutoka Pemba kupanda kaskazini, ni jirani wa karibu wa Kiswahili. Mtu wa Lindi au Mtwara akitulia atashika sehemu kubwa ya maneno. Karibu na Palma na Rasi Delgado kuna Kimakwe, na wazee wengi huko wanaongea Kiswahili chenyewe. Katika karne ya 19 watawala wa pwani hii waliwaandikia Wareno barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na shehena ya barua hizo imehifadhiwa katika Hifadhi ya Historia ya Msumbiji mjini Maputo. Ukisikia wimbo wa Kimwani, basi, usikae kama mgeni anayesubiri mkalimani. Sikiliza maneno tangu mwanzo. Kwa Shimakonde, lugha ya Wamakonde, na Emakhuwa, lugha ya Wamakua, utahitaji msaada, na Kireno kidogo kitakufaa ofisini na unapotafuta mtandaoni.

Anza na kundi

Jambo la kwanza la kubadilisha ni swali lenyewe. Ukifika Pemba ukauliza mwanamuziki maarufu ni nani, utatajiwa kijana mwenye video, au msanii wa Maputo. Uliza hivi: mtaa huu una kundi gani, na linacheza lini? Hapo mazungumzo yatafunguka. Utaambiwa jina la kundi, jina la mama anayeliongoza, kundi la mtaa wa pili wanaloshindana nalo, na kwa nini mwaka ule walikosana. Katika pwani hii kundi ndilo lenye sauti inayotambulika. Waimbaji huzeeka, huolewa mbali, huhama, na kundi huendelea na jina lake na sauti yake.

Swali la pili ni la kalenda. Ngoma hizi huchezwa kwa sababu fulani, na sababu zina siku zake. Siku za serikali ndizo rahisi kwa mgeni, kwa kuwa makundi huitwa uwanjani na mtu yeyote anaruhusiwa kusimama na kutazama: 3 Februari, siku ya mashujaa, 7 Aprili, siku ya wanawake wa Msumbiji, iliyo kumbukumbu ya kifo cha Josina Machel mwaka 1971, 25 Juni, siku ya uhuru, na 25 Septemba, siku vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964 huko Chai, wilaya ya Macomia, katika mkoa huu huu. Kama una nafasi ya siku moja tu kwa mwaka, mimi ningekushauri 7 Aprili, kwa sababu wanawake ndio nguzo ya muziki wa pwani na siku hiyo hawaachi mtu alale.

Kalenda ya pili ni ya dini. Mfungo Sita ni mwezi wa maulidi, na Idi zote mbili zina shangwe zake. Ya tatu ni ya familia: harusi, na watoto kutoka jandoni na unyagoni, shughuli ambazo siku hizi mara nyingi huwekwa wakati wa likizo ndefu ya shule, Desemba na Januari. Ibo nako wana tamasha lao, Kueto Siriwala, mwishoni mwa Juni, ambapo ngoma, vyakula na mashindano ya majahazi hukutana kisiwani. Shughuli za familia ndizo tamu kuliko zote, lakini huendi bila kualikwa.

Tufo

Mtu mwenye muda wa kujifunza mtindo mmoja tu, ajifunze tufo. Imeenea pwani yote ya kaskazini ya Msumbiji, Nampula na Cabo Delgado, na kwa sikio la Mswahili si ngeni hata kidogo: ni dufu na kasida, vilivyochukuliwa na wanawake na kufanywa vyao. Masimulizi ya wenyewe huirejesha Madina, Mtume alipopokewa kwa dufu na nyimbo, na inasemekana kwamba ilishuka Msumbiji katika miaka ya 1930 kutoka Kilwa. Asili yake ni ya sifa za Mtume. Leo tufo huimba harusi, siasa, maradhi, wivu, kodi ya nyumba, na sifa za kundi lenyewe.

Mpangilio wake ni huu. Wanaume wanne hupiga matari ya ukubwa tofauti. Wanawake, mara nyingi kati ya 15 na 20, hukaa au hupiga magoti kwa safu, wamevaa vitenge vya kapulana na vitambaa vya kichwa vya aina moja, wengine nyuso zimepakwa msiro, ule unga mweupe wa mti unaosagwa kwa maji juu ya jiwe. Zamani mwili wa juu tu ndio uliocheza: mabega, mikono, shingo, na macho. Siku hizi makundi mengi husimama na kucheza mwili mzima, na wazee hawakosi la kusema juu ya hilo.

Namna ya kusikiliza ni muhimu, kwa kuwa mara ya kwanza nyimbo zote zinaweza kuonekana zinafanana. Chukua rekodi moja, au wimbo mmoja unaochezwa mbele yako, uufuate mara tatu kwa masikio tofauti. Mara ya kwanza fuata tari lenye sauti nzito na uache mengine yote; hilo ndilo linaloshika mwendo, na ukilipata hutapotea tena. Mara ya pili fuata kiitikio: je, wanawake wanaingia baada ya sauti ya kwanza kumaliza, au wanaidaka katikati ya mstari? Makundi mazuri hutofautiana hapo kuliko mahali pengine popote. Kuna wanaosubiri kwa adabu, na kuna wanaoingia mapema kidogo hivi kwamba wimbo wote unaonekana kukimbia huku matari yametulia. Mara ya tatu fuata maneno. Andika unayoyajua, acha nafasi kwa usiyoyajua, na umuulize mwenyewe baadaye.

Kisha tazama mikono. Katika tufo ya kupiga magoti, safu nzima hugeuza viganja kwa wakati mmoja, na kosa la mtu mmoja huonekana mpaka mstari wa nyuma. Kundi lililofanya mazoezi utalijua kabla hujasikia neno. Sare nazo zinasema: kundi lililonunua kapulana mpya kwa ajili ya shughuli ile limejichangisha, na linataka ulione. Watafiti wa nje waliofuatilia tufo, akiwamo Signe Arnfred aliyeandika juu ya utamaduni huu wa wanawake Waislamu mwaka 2004, wamegusia jambo ambalo kila mtazamaji wa mtaani analijua: ndani ya kundi kuna uongozi kamili. Malkia, katibu na mtunza fedha wanajulikana, na ushindani kati ya makundi huwapa wanawake nafasi ya kusafiri, kulala ugenini na kuhesabiwa. Ukizungumza na kundi, zungumza na uongozi huo. Mpiga matari anaweza kuwa mcheshi na mwepesi wa kujibu, lakini kundi si lake.

Kabla hujafika Cabo Delgado, zoeza sikio kwa majirani. Tufo da Mafalala ni kundi la mtaa wa Mafalala, Maputo, mtaa uliojaa watu waliotoka kaskazini, na rekodi zake hupatikana kwa urahisi. Eyuphuro, bendi iliyoanzishwa Nampula mwaka 1981, ilichukua midundo ya pwani ikaitia gitaa. Santuri yao ya Mama Mosambiki ilitolewa mwaka 1990, na sauti ya marehemu Zena Bacar humo ni shule tosha kwa mtu anayetaka kujua jinsi mwanamke wa pwani ya kaskazini anavyobeba wimbo. Waliimba kwa Emakhuwa, nao ni wa kusini kidogo ya mahali tunapopazungumzia, lakini ukishawazoea, tufo ya Ibo au ya Mocímboa haitakukuta umelala.

Mapiko na mengine

Ukiondoka ufukweni kuelekea bara, na hata katika vijiji vya Palma na Mocímboa vyenye Wamakonde wengi, utakutana na mapiko. Wengi wetu tumeijua kwa kinyago kilichotundikwa ukutani au kuuzwa Mwenge, Dar es Salaam. Hiyo ni nusu tu, tena ile isiyo na sauti. Mapiko ni muziki kwanza. Vinganga, ngoma ndogo zilizochimbiwa ardhini kwa ncha na kupigwa kwa fito nyembamba, hushikilia mdundo mkali usiochoka. Ngoma kubwa huongea juu yake. Na mchezaji aliyevaa kinyago, lipiko, amefungwa nguo mwili mzima na njuga kiunoni na miguuni, hujibu kila neno la ngoma kwa mwili. Angalia vituo. Lipiko anaposimama ghafla na ngoma zikasimama naye kwa sauti moja, hapo ndipo watu hupiga kelele, na hapo ndipo ustadi hupimwa.

Usiende ukitafuta mapiko ya kale yasiyobadilika. Paolo Israel, katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya mapiko ya Msumbiji, ameonyesha jinsi kila kizazi kilivyobuni mitindo yake na kuiacha ya baba zao. Vinyago vimeigiza wakoloni, askari, wafanyabiashara, wanyama na watu wa mjini. Wanawake nao wana yao, lingundumbwe, ambayo mgeni huikosa kwa sababu hakuiulizia. Uliza jina la mtindo na mwaka ulipoanza, nawe utaambiwa kwa fahari. Jambo moja usiliulize: nani yuko ndani ya kinyago. Mapiko yamefungamana na jando, na siri hiyo ina wenyewe hata pale ambapo kijiji kizima kinaijua.

Kuna wazee, wanaume kwa wanawake, waliopita kambi za FRELIMO kule Tanzania na kwenye maeneo yaliyokombolewa, na wanajua nyimbo za vita vile vya ukombozi kwa Shimakonde na kwa Kiswahili. Hawa hawajitambulishi kama wanamuziki. Wanaimba 25 Septemba, na wanaimba wakiombwa vizuri nyumbani kwao. Umri wao unakupa haraka ambayo mitindo mingine haikupi. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amevuka 80. Ningeweka hili juu ya orodha yangu.

Maulidi na dhikri hutoka katika twarika za Shadhiliya na Kadiria, zilizofika Kisiwa cha Msumbiji mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 na kuenea pwani yote. Hapa wewe ni mgeni wa ibada. Vaa inavyostahili, kaa upande wako, na usirekodi mpaka shehe aseme ndiyo. Ujue pia kwamba si Waislamu wote wa pwani hii wanaokubali dufu na maulidi, na ubishi huo una uzito mkubwa kuliko mahali pengi. Usimsukume mtu kuzungumza.

Wapigaji wa peke yao ni wachache na ni hazina. Tchakare, zeze la waya mmoja linalopigwa kwa upinde, hupatikana kwa Wamakua wa Nampula na Cabo Delgado. Magitaa ya kujitengenezea kwa mbao na debe yapo. Wamakonde wana marimba yao, dimbila. Mtu wa aina hii humpati kwa ratiba. Mwulize muuza samaki, mwulize fundi baiskeli.

Vijana nao hawajakaa kimya. Wanarekodi kwa kompyuta chumbani, kwa Kimwani, Emakhuwa, Kireno na Kiswahili, na bongo fleva inavuka Ruvuma bila pasipoti. Deltino Guerreiro, mzaliwa wa Cabo Delgado, ameonyesha kwa santuri yake ya Eparaka kwamba msanii wa huku anaweza kusikika nchi nzima akiimba Emakhuwa kwa sauti tulivu. Kwa kila mmoja kama yeye kuna makumi ambao nyimbo zao ziko kwenye simu za marafiki tu.

Kutafuta ukiwa mbali

Tatizo kubwa la mtandaoni ni tahajia. Ukiandika kwa tahajia ya Kiswahili tu, utapata robo ya yaliyopo. Wareno waliandika mapico, maconde, macua, Quissanga, Quirimbas. Wataalamu wa lugha huandika mapiko, makonde, makhuwa. Vijana huandika wanavyotamka. Andika jina la mtindo kwa tahajia zote, kisha uongeze neno la Kireno: grupo cultural, grupo de tufo, dança tradicional, pamoja na jina la wilaya. Jina la wilaya lina nguvu kuliko jina la mkoa. Jaribu Ibo, Macomia, Palma na Mocímboa da Praia moja moja, na usisahau mitaa ya Pemba kama Paquitequete, mtaa wa wavuvi ulio ncha ya mji mkongwe.

Video nyingi za ngoma zimepakiwa na watu waliokuwa wakipiga picha harusi, na kichwa cha kila moja ni jina la bibi harusi. Usizipite. Sikiliza nyuma ya kelele, kisha soma maoni: mara nyingi mtu wa mtaa ule ametaja kundi, au amelisifu, au amesema la kwao ni bora zaidi. Andika jina hilo. Hivyo ndivyo orodha inavyojengwa.

Redio bado ni njia bora kuliko nyingi. Kituo cha mkoa cha Rádio Moçambique kilichoko Pemba hutangaza kwa Kimwani, Shimakonde na Emakhuwa pamoja na Kireno, na watangazaji wa lugha hizo wanawajua viongozi wa makundi kwa majina. Watangazaji wa redio za kijamii za wilayani wanajua zaidi. Ujumbe mfupi wenye adabu kwa mtangazaji wa Kimwani, ukijieleza wewe ni nani na unatafuta nini, unaweza kukufikisha mahali ambapo siku nzima ya kutafuta mtandaoni isingekufikisha.

Kwa sauti za zamani, mtafute Margot Dias. Kati ya mwaka 1958 na 1961 alipiga filamu na kurekodi miongoni mwa Wamakonde wa Msumbiji, na mwaka 1986 akatoa kitabu kizito cha ala za muziki za nchi hiyo. Kazi yake ilifanyika chini ya ukoloni na ina macho ya wakati ule, lakini humo kuna wapigaji ambao wajukuu wao wako hai. Filamu zake zimetolewa upya Ureno.

Kufika Pemba, na vita

Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, pwani hii imo vitani. Mocímboa ilitekwa Agosti 2020 na kukombolewa mwaka mmoja baadaye. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Na kabla ya hapo, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilikuwa kimepiga Ibo na Macomia. Mamia ya maelfu ya watu walihama. Maelfu walishuka kutoka majahazini katika ufukwe wa Paquitequete mwaka 2020, wakiwa na walichoweza kubeba. Wengine wako Metuge, Ancuabe, Chiúre na Montepuez. Wengi wamerudi, na wengine wamehama tena.

Hili linabadilisha kazi yako kwa njia mbili. Ya kwanza ni usalama: hali hubadilika kwa wiki, kwa hiyo usipange safari ya kaskazini ya Pemba kwa kutegemea habari za mwaka jana. Waulize watu wa hapo hapo, mmoja asiyehusika na biashara ya usafiri awe miongoni mwao. Usipige picha askari, vizuizi vya barabarani wala bandari, hata kama kundi linacheza mbele yake.

Ya pili ni kwamba kundi la Mocímboa linaweza kuwa Pemba, malkia wake Montepuez, na wapiga matari wawili hawajulikani walipo. Usikubali kuambiwa kwamba limekufa. Uliza mama fulani anakaa na nani sasa. Makundi mengi ya wakimbizi hujikusanya upya na kupokea waimbaji wa mitaa mingine, na sauti mpya hutokana na hilo: kiitikio cha Kimwani juu ya midundo ya Wamakua wenyeji, au kinyume chake. Anayesikiliza sasa anasikia mtindo ukizaliwa. Ni muziki unaostahili kusikilizwa kama muziki, kwa ustadi wake, na wanaoucheza watakuambia wenyewe kama wanataka kuzungumzia waliyopitia. Wasipotaka, rudi kwenye matari.

Pemba penyewe, anza na nyumba ya utamaduni ya mkoa, ambako makundi hujiandikisha na wakati mwingine hufanya mazoezi. Pita pia ARPAC, taasisi ya serikali ya utafiti wa utamaduni, yenye tawi mkoani. Chama cha Tambo Tambulani Tambo kimekusanya wasanii wa ngoma, maigizo na uchoraji wa Cabo Delgado na wageni wao kwa miaka mingi. Huko utapata vijana wanaojua njia za mitaani. Halafu nenda mtaani ukamwone katibu wa mtaa kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukipita bila hodi, wenyeji wako ndio watakaoulizwa baadaye.

Adabu na fedha

Fika mapema, wakati ngozi zinaanikwa kwenye moto wa nyasi. Huo ndio wakati wa mazungumzo. Ngoma zikishakaza, hakuna atakayekujibu. Waamkie wazee kwanza. Shikamoo inaeleweka kwa wengi wa pwani, na salamu za Kiislamu zinaeleweka kwa karibu wote. Mwite malkia mama, hata kama umri wenu ni mmoja.

Sema kuhusu simu yako kabla ya kuitoa. Eleza utakachofanya na rekodi: kusikiliza nyumbani, kupakia mtandaoni, kuandika makala. Hayo ni mambo matatu tofauti na kila moja lina jibu lake. Kwa waliohama kwa vita, uliza pia kama nyuso na mahali vinaweza kuonekana. Wengine wana ndugu waliobaki sehemu ambazo hilo lingewadhuru. Ukiambiwa hapana, zima simu na ukae usikilize. Umealikwa bado.

Wakati wa kucheza, tuza kama wanavyotuza wenyeji: noti ndogo za metikali, mara kadhaa, wimbo unapokugusa, kwa mchezaji au mbele ya matari. Noti moja kubwa mwishoni haina utamu huo, na huleta mgogoro wa kugawana. Malipo ya kundi ni kitu kingine kabisa na hupitia kwa mtunza fedha, mbele ya viongozi wawili au watatu, kiasi kikitajwa kwa sauti. Ukiwa mbali, huduma za fedha za simu zinafanya kazi vizuri Msumbiji; omba namba ya kundi na uthibitishe jina kwa kupiga simu. Kama unataka kutoa zawadi, uliza. Mara nyingi kinachohitajika ni ngozi, au kapulana za sare kwa kundi zima, au nauli ya kwenda kushindana wilaya ya pili. Usinunue sare za watu kumi kwa kundi la watu kumi na saba.

Usiwaombe wafupishe wimbo ili ufae kwa video. Tufo inajenga taratibu, na kilele chake kinaweza kuja dakika ya kumi. Ukikata mapema umeondoka na utangulizi.

Nyumbani, usiku huo huo, andika: jina la kundi kama wanavyoliandika wao, mtaa, wilaya ya asili na ya sasa, tarehe, shughuli, lugha ya kila wimbo, aliyetunga, sauti ya kwanza, wapiga matari. Aliyetunga ndiye anayesahauliwa, na katika tufo mtunzi mara nyingi si yule anayeimba. Baada ya wiki hutakumbuka. Peleka nakala kwa kundi kwenye kadi ya memori, si kiungo cha mtandao tu, kwa sababu bando ni ghali na kadi huzunguka mtaa mzima kwa siku moja. Nakala ya pili, kundi likiridhia, ipeleke ARPAC au kwa mtangazaji aliyekuelekeza, ikiwa na maelezo yote uliyoandika, ili kundi lisikike redioni kwa jina lake na mtu wa Palma aliyeko Montepuez ajue wenzake wanapopatikana.